Vituko Tisa vya Kifaransa, Kuanzia Kinachosameheka Hadi Kinachostahili Kesi

Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tumedekezwa. Kwetu a ni a, Lamu ni a, Kigoma ni a, na neno ukishalisoma umeshalitamka. Halafu mtu huyohuyo aliyedekezwa anafungua daftari la Kifaransa, anakuta nusu ya herufi zimekaa tu hazifanyi kazi, na anaanza kujilaumu. Usijilaumu. Msimamo wangu nausema mapema ili tugombane vizuri: mdomo wa Mswahili hauna tatizo na Kifaransa. Anayetuponza ni jicho. Nimepanga vituko tisa kuanzia chepesi. Ukibisha, bisha, ila fika kwanza namba moja.

9. Bonjour

Hiki naona hata aibu kukiita kituko. Ukiingia duka la mikate Ufaransa ukaanza na shida zako bila "bonjour", utahudumiwa kwa uso uliokunjwa. Wageni wengi hushangaa. Wewe uliyelelewa kwamba hupiti mbele ya mtu mzima bila shikamoo, unashangaa nini? Kwa rika lako kuna "ça va?", ambayo jibu lake ni "ça va", yaani "freshi?", "freshi" ya vijiweni, bila kuongeza senti. Ila chunga "tu" na "vous". "Tu" ni ya mwenzako, "vous" ni ya mkubwa au usiyemjua. Ukimwita afisa wa uhamiaji "tu", mimi sikutumi.

*Hukumu:* Hakina kosa. Kiachiwe huru.

8. R ya kooni

Kila anayefundisha Kifaransa anatisha watu na r: inatoka kooni, ngumu, inataka miezi. Ngumu kwa nani? Sema ghali. Sema lugha. Sema Ghuba. Umeshafika, au umekaribia kiasi kwamba hakuna atakayekurudisha. Paris ni "Paghi", merci ni "meghsi". Mtoto wa Zanzibar anaingia darasani kazi hii ameshaimaliza nyumbani. Wenye shida ni wale wa "luga" na "gorofa", na wanajijua. Hao nao wasilie: Wakongo kwa mamilioni wanaigonga r kwa ncha ya ulimi, Kifaransa kinatiririka, na hakuna aliyekamatwa.

*Hukumu:* Vitisho vya bure.

7. Tchad, Djibouti na msafara wa konsonanti

Mfaransa akiandika ch anamaanisha sh. Chocolat ni "shokola", Chine ni "Shin". Sasa akiitaka ch yetu afanyeje? Anaitanguliza t: Tchad. Akiitaka j? Anaitanguliza d. Akiitaka u ya kawaida kabisa, ya "kuku", anaandika ou. Ndiyo maana nchi tunayoiandika Jibuti kwa herufi sita, yeye anaimalizia nane. Na jina la Rais Tshisekedi wa Kongo wala lisikutie kigugumizi, anza na "Chi" uendelee na safari.

*Hukumu:* Ubadhirifu wa wino. Faini.

6. Ndevu za kike

Tukilalamika hapa tutachekwa. Watu wenye m-wa, m-mi, ki-vi, ji-ma, u-zi na ukoo wake wote hatuna mdomo wa kulalamikia makundi mawili, la kiume na la kike. Kinachonikera ni ugawaji. Ndevu ni za kike: la barbe. Masharubu? Ya kike pia: la moustache. Sidiria ni ya kiume: le soutien-gorge. Siku hiyo zamu ilikuwa ya nani?

Na ukikosea unaweza kupata kitu kingine kabisa. Le livre ni kitabu, la livre ni ratili. Umekwenda kutafuta kitabu, unapimiwa nyama. Halafu kuna amour, mapenzi. Kwa kanuni za vitabuni, yakiwa moja ni ya kiume, yakiwa mengi yanageuka ya kike. Sitasema kitu.

*Hukumu:* Usikariri barbe. Kariri la barbe, neno na mwenzake, wasitenganishwe.

5. Kofia

Ile alama ^ inayokaa juu ya irabu mara nyingi inaonyesha mahali ilipofia s. Hôpital, forêt na fenêtre, yaani hospitali, msitu na dirisha, zote zilikuwa na s zamani. Mwaka 1990 yakatoka mapendekezo rasmi kwamba i na u zivuliwe kofia kwenye maneno mengi, na kitunguu, oignon, kiruhusiwe kuandikwa ognon, maana ile i haikuwa na kazi yoyote. Mapendekezo yakalala robo karne. Ilipofika 2016, habari zikasambaa kwamba vitabu vya shule vitayafuata, na mitandao ikawaka moto: #JeSuisCirconflexe. Watu wazima, wenye kazi na familia, wanapigania kofia ya i.

*Hukumu:* Kitunguu kimewaliza kabla hakijakatwa.

Najua unauliza sauti za puani ziko wapi. Nimeziacha nje kwa makusudi. Un bon vin blanc, divai nzuri nyeupe, ni maneno manne yenye irabu nne za puani, na Waparisi wengi siku hizi wenyewe wanazitamka tatu. Mswahili anakwama kwa sababu ya uaminifu tu: akiona n, anaitamka. Acha. Ipitishe puani uende zako. Tuendelee.

4. U ya kubana midomo

Hapa ndipo natarajia matusi, kwa sababu wengi wangeiweka namba mbili. Sikiliza kwanza. Sema i ya "sisi", uivute. Ulimi usitikisike hata kidogo. Sasa bana midomo kana kwamba unataka kupiga mluzi. Hiyo ndiyo u ya Kifaransa, dakika moja, bila ada. Ulimi ukirudi nyuma umepata ou, na hapo ndipo patamu: dessus ni juu, dessous ni chini, tofauti ni u hiyohiyo. Umemuuliza mtu jirani yako anakaa ghorofa ya juu au ya chini, amekujibu kwa upole kabisa, na bado hujui.

Neno plus lina kiburi zaidi. Mezani ukisema "j'en veux plus" ukaitamka s ya mwisho, unataka kuongezewa. Ukiimeza hiyo s, umeshiba.

*Hukumu:* Sema kwa mdomo, lakini sahani ishike mkononi.

3. H isiyotamkwa yenye sheria zake

H ya Kifaransa haitamkwi. Sawa, tumekubali, twende. Kumbe ziko mbili! Zote kimya, ila moja inaruhusu neno la mbele yake kuunganika na lake, nyingine inakataa. Les hôtels inaunganika: "lezotel". Les héros, mashujaa, haiunganiki ng'o, na nashukuru, kwa sababu ukiunganisha unapata "lezero": masifuri. Sasa shika kiti. Shujaa wa kiume, le héros, h yake inakataa. Shujaa wa kike, l'héroïne, h yake inakubali. Familia moja, herufi moja, hazina sauti, na bado zina msimamo tofauti.

*Hukumu:* Kimya chenye masharti. Onyo kali.

2. Hesabu za sabini kwenda mbele

Hadi 69 Mfaransa ni mtu wa kawaida. Akifika sabini anaanza: soixante-dix, sitini na kumi. Themanini ni quatre-vingts, ishirini mara nne. Tisini na saba ni quatre-vingt-dix-sept: ishirini mara nne, ongeza kumi, ongeza saba. Umeulizwa bei, umepewa mtihani.

Mateso kamili yako kwenye namba za simu, maana Ufaransa zinatajwa mbilimbili. Unasikia "soixante", unaandika 6. Inafuata "dix-sept". Unafuta, unaandika 77. Unasikia "quatre", unaandika 4. Kumbe ni "quatre-vingt", unafuta, unaandika 8. Linakuja "dix-huit", unafuta tena, unaandika 98. Mwenye namba ameshakata.

Dawa ipo, na wala haihitaji viza ya Ulaya. Wabelgiji husema septante kwa sabini na nonante kwa tisini, na wakawaachia hivyo Wakongo, Warwanda na Warundi. Tisini na saba ni nonante-sept, basi. Themanini ndiyo iliyobaki na ishirini zake nne. Huitante inayomaliza ubishi utaipata sehemu kadhaa za Uswisi. Mfanyabiashara wa Mbeya anayekwenda Lubumbashi, ambako hata katikati ya Kiswahili bei hutajwa kwa Kifaransa, anajifunza kwa nafuu kuliko aliyelipa karo Paris.

*Hukumu:* Ufaransa na hatia. Kongo hoyee.

1. Herufi zilizokuja kula

Mshindi hana mpinzani. Ndege wengi ni oiseaux: herufi saba, irabu zote tano ndani, na hakuna hata moja inayotoa sauti yake ya kawaida. Inatamkwa "wazo". Ndiyo, wazo. Wakazi wa Wazo Hill, kwa masikio ya Mfaransa mnakaa Kilima cha Ndege na hamkuambiwa.

Ukilitazama neno la Kifaransa, ile mikia yake ni wajumbe wa kamati ya harusi: majina yapo kwenye orodha, mchango hakuna. Beaucoup ina p ya bure. Parle, parles na parlent zote ni "paghl". Vert ni kijani, verre ni kioo, vers ni kuelekea, ver ni mnyoo, na zote nne ni "vegh". Wafaransa wenyewe wamegombania kiatu cha Cinderella alichokiandika Perrault mwaka 1697: ni cha verre, kioo, au cha vair, manyoya, ambayo pia ni "vegh"? Perrault aliandika kioo. Balzac naye alishabikia manyoya.

Na usidhani ukiijua kanuni umepona. "Les poules du couvent couvent", kuku wa kwenye makao ya watawa wanaatamia. Couvent ya kwanza inatamkwa kwa pua, couvent ya pili mkia wote umemezwa. Herufi zilezile, mpangilio uleule, zimekaa bega kwa bega.

Mwaka 1857, inasimuliwa, mwandishi Prosper Mérimée alitunga imla ya kuwatesa wakubwa wa ikulu. Napoleon wa Tatu, mtawala wa Ufaransa nzima, akapata makosa 75. Mkewe, Eugénie, 62. Alexandre Dumas mtoto, mwandishi wa kulipwa, 24. Aliyeibuka kidedea kwa makosa matatu tu ni Metternich, na huyo alikuwa Mwaustria.

*Hukumu:* Kifungo cha maisha kwa kila t, s, p na x ya mwisho. Wewe uliyekosea beaucoup kwenye jaribio, kata rufaa.