Tairi Jipya Lililozeeka

Ndugu zangu wa Tanga, jimbo hili la Minnesota limeandika kwenye vibao vya namba za magari yake kwamba lina maziwa 10,000, na huenda hili ndilo tangazo pekee duniani linalopunguza sifa badala ya kuziongeza, kwa sababu hesabu rasmi ni maziwa 11,842, na hapo yale madogo kabisa hayajahesabiwa. Boti zilizosajiliwa zinapita 800,000. Ukisikia hivyo utadhani watu wanaishi majini. Wapi! Maziwa yanaganda mwanzoni mwa baridi na hayaachii mpaka majira ya kuchipua, na muda wote huo boti imekaa uani juu ya tela yake, imefungwa turubai. Hata joto likija, wengi huipeleka ziwani wikiendi na kuirudisha nyumbani Jumapili jioni. Piga hesabu mwenyewe uone chombo hiki cha majini kinakaa wapi zaidi: kwenye maji au kwenye matairi.

Mjomba ameuliza kwa nini watu hawa wanang'oa matairi ya tela yenye kashata zote, wakati huko kwetu tairi la namna hiyo lingeozeshwa gari jingine siku hiyohiyo. Anaiita israfu. Leo nawatetea, ingawa kwa mambo mengine ya matumizi yao siwezi kuwasimamia mbele ya kadhi yeyote. Hoja yangu ni kwamba tairi la tela ya boti haliuawi na kazi. Linauawa na kukaa bure. Anayelipima kwa kutazama kashata anatafuta ugonjwa mahali ambapo haupo.

Mpira wa tairi una dawa zilizochanganywa ndani yake kiwandani, za kuukinga na jua na hewa ya ozoni. Dawa hizo hupanda juu ya mpira tairi linapozunguka na kujikunja, kwa hiyo daladala inayokimbia kutwa nzima inajipaka mafuta yenyewe bila kumlipa mtu. Tela iliyoegeshwa miezi minane haijipaki chochote. Jua linaupiga ubavu mmoja, uzito wote unakandamiza sehemu ileile, na upepo unavuja polepole bila mwenyewe kujua. Piga magoti na tochi karibu na rimu uubonyeze ubavu kwa kidole gumba: utaona nyufa nyembamba zikifunguka na kufumba. Juu, kashata zinameta. Ndani, tabaka za nyuzi na nyaya za chuma zimeanza kuachana, na hizo hata tochi haizioni. Tairi kipara angalau linakutangazia hali yake, lakini hili linakufa likiwa limevaa vizuri.

Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili hapa haanzi na bei. Anaanza na cheti cha kuzaliwa. Kila tairi linalouzwa Marekani lina mstari wa herufi na namba unaoanza na DOT, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukisoma 2319, hilo lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama muuzaji analiita jipya na bado lina vinywele vyake vya mpira. Ushauri unaosikika zaidi ni kulitoa tairi la tela likifika miaka mitano hivi, sita likipata bahati, kashata ziwe zimebaki au zimeisha. Wakati mwingine tarakimu hizo huwa upande wa ndani tu, na hapo utamwona mtu mzima mwenye heshima zake amelala chali chini ya tela, simu mkononi, akisoma umri wa mpira.

Shemeji naye atasema: kama shida ni umri, basi chukua matairi mapya ya gari dogo, bei nafuu, yamalizike mambo. Hapana. Saizi ya tairi la gari dogo mara nyingi inaanza na herufi P, ya tela na ST, na tofauti iko ubavuni. Gari linahitaji ubavu laini ili abiria wasilalamike. Tela haina abiria, ina boti iliyokaa juu na kupepesuka kila lori linapopita, kwa hiyo ubavu wake unatengenezwa mgumu. Hata kanuni za watengenezaji zinasema tairi la P likifungwa kwenye tela, uzito wake ulioandikwa ugawanywe kwa 1.10, yaani linapoteza kama asilimia tisa ya nguvu zake kabla halijatoka getini. Nakiri kwamba kwenye tela kubwa wapo wanaofunga matairi ya malori madogo, yenye herufi LT, na wana sababu za maana. Kwa tela za kawaida, ST inatosha, mradi usome na herufi ya uzito.

Na herufi hiyo ndiyo inayowaumbua wengi. Chukua saizi ya kawaida, ST205/75R14 ya daraja C. Inabeba kilo 798 ikijazwa upepo wa pauni 50. Mawili ni kilo 1,596. Sasa tuseme boti, injini na tela ni kilo 1,400. Mtu anasema nafasi tele. Halafu anapakia betri tatu, tangi la petroli, nanga, makasha mawili ya barafu na vinywaji vya kuwatosha watu waliokwenda harusini, na hesabu yote inakwisha hapo. Huyohuyo amejaza upepo wa 35 kwa sababu gari lake linatumia 35. Tairi la tela hujazwa mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni, tena asubuhi likiwa baridi, na kila joto likishuka nyuzi tano au sita za sentigredi, upepo unapungua kwa kama pauni moja. Huku majira yanabadilisha joto kwa nyuzi nyingi, na upepo unavuja muda wote, kwa hiyo kipimo cha Agosti si cha kuaminiwa mwezi Mei.

Mei naitaja kwa makusudi. Ndiyo msimu wa kuvua samaki aitwaye walleye unapofunguliwa, na barabara za kwenda ziwa Mille Lacs na kaskazini zaidi zinajaa tela ambazo hazijasogea tangu vuli. Mtu atasema safari yenyewe ni fupi, saa mbili tu. Huo ndio mtihani wenyewe: kutoka usingizini moja kwa moja hadi mbio. Matairi mengi ya ST, hasa ya zamani yasiyo na alama ya mwendo, yalikusudiwa maili 65 kwa saa, kama kilomita 105, na barabara kuu za interstate zinazopita mashambani huku zinaruhusu maili 70. Dereva anaweza kutii sheria yote na bado akalikosea tairi. Upepo mdogo, uzito mkubwa na mwendo, vyote vinazaa joto, na joto linamalizia kazi iliyoanzwa na jua uani. Tairi la mbele la gari likilegea, usukani unakuambia. La tela halisemi kitu, mpaka uone moshi kwenye kioo na mabati ya madigadi yamechanwa pamoja na nyaya za taa.

Iko hoja moja ya Mjomba ambayo siipuuzi: ukiifunika tela, ukaiinua kwa jeki na kuiegesha bandani, je, tairi halidumu? Linadumu. Tarehe si hukumu ya kifo, na tairi la miaka mitano lililolala kivulini huenda likawa bora kuliko la miaka mitatu lililochomwa na jua. Ila kivuli hakirudishi umri, na anayenunua tela kwa mtu hajui ililala wapi. Tarakimu nne haziwezi kubembelezwa.

Basi mtu akishabadilisha mawili, mara nyingi anaisahau spea, iliyoning'inia ubavuni mwa tela tangu siku ya kwanza, jua lote la jimbo likiwa lake. Hiyo ndiyo kongwe kuliko zote, na ndiyo anayoitegemea usiku kando ya barabara, akigundua pia kwamba spana ya gari haiingii kwenye nati za tela.

Na msidhani barafu ikifunga maziwa kazi imeisha. Wana vibanda vya kuvulia kwenye barafu, vyenye vitanda, jiko na hata televisheni, vinavyokokotwa kwa magari hadi katikati ya ziwa lililoganda, kisha vinashushwa chini na barafu kutobolewa kupitia matundu ya sakafuni. Navyo vina magurudumu, na vingi vinatumia matairi hayohayo ya ST. Boti ikitoka uani, kibanda kinaingia. Kibanda kikitoka, boti inaingia. Kwa hiyo mwaka mzima, katika kila nyumba ya mvuvi kamili, kuna matairi yasiyopungua mawili yanayozeeka bila kwenda popote. Wauza matairi huku wana afya nzuri sana.