Tairi la Akiba Lisilo na Upepo

Usiku wa Januari 31, 2017, fundi mmoja wa hifadhidata katika kampuni ya GitLab alikuwa ameshasema anakwenda kulala. Saa tano hivi. Mtu aliyeaga na bado hajaondoka ana hatari yake: mkono uko kwenye kibodi, roho imeshafika kitandani.

Kilichomzuia ni seva ya pili. GitLab, ambako waandishi wa programu huweka kazi zao, ilikuwa na seva mbili za data: ya kwanza ikihudumia wateja, ya pili ikinakili kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza. Jioni ile mzigo ulizidi, ya pili ikaachwa nyuma hadi ikashindwa kufuata. Dawa yake ni kuijaza upya. Fundi akatoa amri, kimya. Akarudia, kimya. Kumbe programu ilikuwa ikisubiri tu seva ya kwanza ijiandae, ila haikuona haja ya kumwambia mtu. Yeye akadhani folda ya zamani ya seva ya pili ndiyo inayoziba njia, akaamua kuifuta.

Akaifuta. Kwenye seva ya kwanza.

Sekunde moja au mbili baadaye akashtuka na kusimamisha amri. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilikuwa zimesalia 4.5.

Hapo ndipo watu huambiana, "Hamna neno, nakala zipo." Timu ikaanza kuzipigia hodi moja moja. Nakala za kila siku zilizopaswa kupelekwa kwenye ghala la Amazon: ghala tupu. Programu ya kunakili ilikuwa toleo la 9.2, hifadhidata yenyewe 9.6, hazikuelewana. Kila iliposhindwa, mashine ilituma barua pepe ya malalamiko, na kila barua ikarudishwa mlangoni kwa kukosa saini ya kuthibitisha mtumaji. Nakala za diski nzima nazo ziliwashwa kwa ajili ya seva nyingine tu. Seva za hifadhidata hazikuwekewa, kwa kudhani njia nyingine za akiba zinatosha. Njia tano za akiba, na hakuna hata moja ya kutegemewa. Ni daladala lililopasua tairi porini: spea ipo, haina upepo, jeki ipo, ni ya gari jingine.

Kilichookoa jahazi ni bahati. Saa sita hivi kabla ya ajali, fundi yuleyule alikuwa amechukua nakala kwa mkono, kwa shughuli yake ya majaribio. Mkono uliofuta ndio uliokuwa umehifadhi. Ila nakala hiyo ilikaa kwenye diski za mwendo wa kinyonga, na huduma ilirejea baada ya saa 18 hivi, huku maelfu ya watu wakitazama ukarabati moja kwa moja kwenye YouTube kama fainali ya kombe.

Programu za wateja zilisalimika. Zilizopotea ni taarifa za saa sita hivi, zilizogusa kwa makadirio miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700. Kati ya marekebisho yaliyopangwa, mojawapo lilikuwa kubadili maandishi ya mwanzo wa mstari wa amri, ili fundi ajue yuko kwenye seva ipi.

Nawe msomaji unayeweka mauzo ya duka kwenye kompyuta: leo jioni, kabla hujaaga, fungua nakala moja ya akiba uone kama ndani kuna kitu.