Namna ya Kuishi Ghorofa ya Tisa Bila Kuidai Lifti

Wenzako wamejenga Goba, Mbezi na Chamazi, na kila alfajiri wanabanana kwenye mwendokasi kuja mjini. Wewe umekuwa mjanja: umepanga Kariakoo, katikati kabisa, duka liko chini ya kitanda chako na kazini unafika kwa miguu. Hongera. Jengo lenyewe ukilitazama toka barabarani linapendeza: vioo vya bluu, marumaru mlangoni, na jina kubwa linaloishia na Plaza au Tower. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kesho yake, utakapozunguka nyuma na kugundua kwamba vioo ni vya upande wa barabarani tu.

Hatua ya 1: Mwelewe dalali

Dalali wa mjini hasemi uongo. Anachagua maneno kuliko wakili. Muulize, "Lifti inafanya kazi?" Atakujibu, "Lifti ipo, bosi." Maji je? "Maji yameingizwa mpaka jikoni." Umeme? "Luku yako mwenyewe, hushei na mtu." Yote kweli tupu. Lifti ipo, mlango nusu wazi, na mlinzi ameegesha baiskeli ndani. Maji yameingizwa, yaani bomba limeingizwa.

Usikague sana. Ukianza kufungua mabomba na kugonga kuta, simu ya dalali italia, na utasikia kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani na hela mkononi. Huyo mteja hajawahi kufika, lakini ndiye aliyepangisha nusu ya Dar es Salaam.

Sasa lipa. Tuseme kodi ni 600,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi 6, hiyo ni 3,600,000. Dalali anataka mwezi wake mmoja. Jumla 4,200,000, na bado hujalala hata usiku mmoja. Bei usibishane nayo. Ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni makubaliano ya watu wawili: mmoja anataja, mwingine anakubali.

Zingatia jambo moja katika malipo haya, maana ndilo litakaloeleza mengine yote. Ukishalipa nusu mwaka kwa mkupuo, kwa nusu mwaka hakuna mtu mwenye sababu ya kupokea simu yako.

Hatua ya 2: Iheshimu lifti

Kosa la wapangaji wapya ni kudhani lifti ni ya watu. Ghorofa ya pili mpaka ya sita zimegeuzwa stoo za wenye maduka. Siku inapofufuka, lifti ni ya marobota ya vitenge, katoni za vyombo na mabegi ya shule yanayosubiri Januari. Kibao ndani yake kinasema watu 8, kilo 630. Kuli anayelipwa kwa safari hana muda wa kusoma vibao. Anajaza mpaka mlango ugome, kisha anausaidia kwa bega.

Lifti ikifa tena, fundi ataitwa. Atakuja na bisibisi moja, atafungua kifuniko, atatikisa kichwa na kusema spea inatoka China. Hapo utabandikwa mlangoni ujumbe usemao LIFTI IPO KWENYE MATENGENEZO, SAMAHANI KWA USUMBUFU. Ukiona ujumbe huo umewekewa plastiki ngumu kama kitambulisho, jua uongozi una mipango ya muda mrefu.

Wewe anza maisha ya ngazi. Toka asubuhi na kila kitu: chaji, mwavuli, chakula cha mchana, hasira za siku nzima. Kilichosahaulika juu hesabu kwamba kimepotea. Mtungi wa gesi ukiisha, bodaboda atakuletea mpya hadi getini kwa bei mliyokubaliana. Kutoka getini hadi ghorofa ya tisa ni mkataba mwingine, na unajadiliwa ukiwa umeshaacha maharage jikoni.

Wageni watapungua. Anayekuja bado, huyo ni ndugu wa kweli. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwako hakuna haja ya kungoja: anapokewa chini na kukabidhiwa dumu.

Hatua ya 3: Soma fizikia ya maji

Utalalamika kwamba DAWASA wanatoa maji na wewe huyaoni. Tulia, tufundishane. Msukumo wa baa moja hupandisha maji mita 10 hivi. Ghorofa moja ni mita 3 au zaidi kidogo. Kukufikia wewe wa ghorofa ya tisa kunahitaji baa karibu tatu, na bomba la mtaa halina nguvu hizo za kukugawia. Ndiyo maana maji huingia kwanza kwenye tanki la chini ya ardhi, kisha pampu huyasukuma mpaka matanki ya juu ya paa, ndipo yateremke kwako. Kwa hiyo safari ya maji ina maadui watatu: bomba likikauka, umeme ukikatika, au pampu ikiungua. Mmoja akipumzika, mwenzake anashika zamu.

Pampu yenyewe iko mikononi mwa kijana mmoja mwenye funguo. Huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote jengoni, na hayumo kwenye mkataba wako. Msalimie kila siku. Ulizia hali ya mama yake kijijini. Sikukuu usimsahau. Akisafiri na funguo mfukoni, jengo zima litaoga Jumatatu.

Nunua pipa kubwa, uliweke pale ulipopanga kuweka sofa. Fundisha watoto kwamba maji yaliyosuuza nguo yanadeki nyumba, na yaliyodeki nyumba yanakwenda chooni. Na siku maji yakitoka saa tisa usiku, amka ukinge. Utakutana na majirani wote koridoni na kanga zao na ndoo zao. Hakuna mkutano wa wapangaji wenye mahudhurio mazuri kuliko huo.

Hatua ya 4: Lipa, na usiulize ya nini

Kila mwezi utadaiwa hela ya huduma: usafi, ulinzi, taa za ngazini, dizeli ya jenereta, matengenezo ya lifti. Ndiyo, hiyo hiyo lifti. Ukiomba risiti, msimamizi atakutazama kwa huruma. "Kaka, tunaaminiana hapa." Ukiomba hesabu za mwaka, utaambiwa zipo kwa mhasibu. Mhasibu yuko kwa bosi. Bosi yuko Dubai.

Jenereta nayo ina kwao. Umeme ukikatika inanguruma kwa fahari, jengo zima linatetemeka, moshi unapanda kwenye ngazi, na ukitoka koridoni utakuta giza. Inawasha maduka ya chini. Wewe mchango wako ni kuisikiliza.

Kisha kuna kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Kwa sheria anayedaiwa ni mwenye jengo. Kwa mita anayekatwa ni anayenunua umeme. Serikali ilishauri mpangaji na mwenye nyumba waelewane namna ya kurudishiana. Jaribu kuelewana. Mpigie aliye Dubai, mwambie unamdai 7,500.

Hatua ya 5: Mtafute mwenye nyumba, kwa ajili ya mazoezi

Siku moja utachoka na kusema, "Nataka kuzungumza na mwenye jengo." Mlinzi atakupeleka kwa msimamizi, msimamizi kwa meneja, meneja kwa wakili, na wakili atakuuliza: yupi?

Hapo ndipo utajifunza historia ya mji. Majengo mengi ya Kariakoo yamesimama mahali palipokuwa na nyumba ya Kiswahili ya familia, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Familia ilikuwa na kiwanja, mwekezaji alikuwa na fedha, wakaingia ubia: zako hizi, zangu zile. Baadaye babu akafariki, watoto wakawa kumi na mmoja, na mirathi ikaenda mahakamani. Leo ghorofa za chini ni za mwekezaji, za juu ni za warithi, fremu za maduka zina wenyewe, na paa linagombewa kwa sababu kuna mnara wa simu unaolipa. Ngazi, lifti, pampu na chemba ya majitaka havilipi, kwa hiyo ni yatima.

Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo iliyaona haya: wenye sehemu wanatakiwa kuwa na umoja wao wa kusimamia vile wanavyotumia pamoja. Jengoni kwako umoja upo, lakini ni wa wapangaji, uko WhatsApp, na unachangia harusi. Ukiandika pale kwamba chemba imefurika mpaka getini, utajibiwa "pole sana," kisha kadi ya mchango wa sendoff.

Hatua ya 6: Uzoee ufa, ila si ufa wowote

Aliyesema usipoziba ufa utajenga ukuta hakuwa mpangaji. Ukuta ni wa mwenye nyumba. Ufa ndio wa kwako. Weka kalenda juu yake. Doa la unyevu darini lipe jina, maana utaliona likikua. Kigae kikibanduka bafuni, kitunze, utahitaji kumwonyesha fundi rangi.

Hapa kejeli ingoje kidogo. Nguzo iliyopasuka, boriti inayomwaga zege, ukuta unaoachana na sakafu, hivyo havifunikwi kwa kalenda. Machi 2013 ghorofa lililokuwa linajengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 likaporomoka jengo Kariakoo, kwenye mitaa hii hii, na wakafa zaidi ya 20. Ukiona chini ya jengo lako au la jirani yako panachimbwa usiku, au mlango uliofunguka vizuri jana leo umekaza, toka kwanza na watoto, kisha pigia Zimamoto 114, nenda serikali ya mtaa na manispaa. Ile miezi uliyokwisha kulipia iache humo ndani.

Hatua ya 7: Ongeza mkataba

Miezi sita ikiisha, simu italia. Mwenye nyumba, aliyekuwa hapatikani, atakuwa mchangamfu sana. Atakuulizia familia. Atakueleza kwamba maisha yamepanda na kodi itaongezeka kidogo. Utafikiria foleni ya Mbezi, utafikiria hela ya dalali mwingine, utashusha pumzi, na utalipa. Na lifti itaendelea kungoja meli kutoka China, kwa sababu jengo lisilokosa mpangaji halina haraka ya kutengenezwa.

Lakini ukitaka kuwa mpangaji msumbufu, njia ipo, na haihitaji kelele. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba kwa anayepangishwa sehemu tu ya jengo, mkataba ukinyamaza, mwenye jengo ndiye mwenye wajibu wa kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu, njia na mitambo inayotumiwa na wote. Ngazi zimo. Lifti imo. Kwa hiyo kabla ya kulipa tena, soma mkataba uone kama kuna mstari unaokubebesha mzigo huo, na uukate. Andika hela ya huduma ni kiasi gani, ni ya nini, na hesabu zitasomwa lini. Omba kulipa miezi mitatu badala ya sita. Malalamiko yaandike kwa barua, ubaki na nakala iliyosainiwa, na muandike mkiwa wengi, ghorofa nzima, si wewe peke yako. Ikishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya liliwekwa kwa kazi hiyo.

Na kama ndiyo kwanza unatafuta chumba, nenda saa mbili usiku bila dalali. Panda kwa miguu, fungua bomba la juu kabisa, kisha shuka umuulize mama lishe wa getini lini mara ya mwisho aliona lifti ikitembea. Akicheka, rudi na hela yako.