Shosho, Pareto na Vyungu Vilivyolala

Hapa Minnesota, anayetaka kuuza maua mwezi wa Mei huanza kazi Agosti. Miche ya akwilejia, primula, disentra na floksi ya kutambaa huhamishiwa kwenye vyungu jua likiwa bado kali, ili ifikapo Oktoba iwe imejaza mizizi. Akwilejia ikiingia katika msimu wa baridi ingali changa, baridi haiifai kitu. Mwaka unaofuata itatoa majani matupu. Kanisa letu huuza maua Jumamosi inayotangulia Siku ya Akina Mama, na fedha zinazopatikana huingia kwenye mfuko wa karo za watoto nyumbani Kenya. Mnunuzi wa siku hiyo anataka ua lililokwisha kufunguka, ampelekee mama yake kesho yake. Kwa hiyo maua ya Mei ni lazima yalindwe Januari.

Na Januari ya hapa si ya mchezo. Ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani ya mwaka 2023 inaiweka sehemu kubwa ya Minneapolis katika ukanda 5a, yaani usiku wenye baridi kuliko wote wa mwaka hushuka, kwa wastani, hadi kati ya nyuzi 26 na 29 chini ya sifuri. Mmea uliopandwa ardhini huvumilia, kwa kuwa udongo wenyewe na theluji iliyoufunika huihifadhi mizizi. Mmea wa kwenye chungu hauna kinga hiyo. Baridi huuingia kutoka kila upande. Wakulima wa hapa hushauri kwamba mmea wa kubaki chunguni nje uwe wa aina inayostahimili baridi ya kanda mbili chini ya ule unaoishi. Vyungu vya udongo navyo hupasuka, maana maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Sisi hutumia vya plastiki.

Mwaka mmoja tuligawa mimea yetu sehemu mbili. Hosta na floksi tulizipanga kwenye mtaro upande wa kaskazini wa nyumba, vyungu vikigusana, tukazifunika kwa majani makavu. Upande huo jua la Februari haliufikii, na hilo ndilo tulilotaka, kwa sababu kuyeyuka mchana na kuganda tena usiku huua mimea mingi kuliko baridi yenyewe. Akwilejia, primula na disentra zilikwenda kwenye gereji, zikaegemezwa kwenye ukuta unaopakana na jikoni. Gereji ile haina hita, lakini pale ukutani halijoto haiachani sana na sifuri. Zikakauka majani, udongo ukawa mgumu kama jiwe. Zilikuwa zimelala, kama ipasavyo.

Mwanzoni mwa Desemba akafika mama mkwe wangu kutoka Molo, Kenya, kuja kumlea mjukuu aliyezaliwa. Watoto wanamwita Shosho. Ni mkulima tangu utotoni, mtu asiyeweza kupita kando ya mche ulionyauka bila kuinama. Mimi nafanya kazi zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, mume wangu huondoka alfajiri. Mchana nyumba ilikuwa mikononi mwake.

Siku moja baada ya Mwaka Mpya alifungua mlango wa gereji akitafuta ndoo, akakuta vyungu vyetu. Alichokiona ni mimea iliyoachwa ife kwa baridi na watu wanaoshinda kazini. Akamwita binti yetu, wakavibeba kimoja kimoja hadi chumba cha chini chenye tanuri la kupashia nyumba joto. Wakavimwagilia maji ya uvuguvugu, wakaviwashia taa. Alitaka iwe zawadi, basi mtoto akaapishwa asiseme.

Jumapili moja mwishoni mwa Januari, tulipotoka kanisani, Shosho alituita.

"Njooni muone. Nimewafufulia maua yenu."

Chumba kizima kilikuwa kijani. Akwilejia zilikuwa zimefungua majani mapya, primula zimetuna, disentra zimerefuka na kupauka, zikilalia taa. Nilimshukuru Mama, kwa sababu kazi ile ilikuwa ya upendo, na mgongo wake ulikuwa umeilipia. Kisha mume wangu akaanza kumweleza, polepole, kwa Kikuyu na Kiswahili, kwamba mimea hii ilikuwa hai wakati wote, na kwamba ilikuwa ikihesabu siku za baridi. Isipozimaliza, wakati wa kuchanua ukifika haitakuwa na ua la kutoa.

Shosho alinyamaza kidogo, akauliza, "Kumbe ni kama pareto?"

Ni kama pareto kabisa. Molo iko mita kama 2,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa miaka mingi milima ile ilivuna maua ya pareto yanayotolewa dawa ya kuua wadudu, zao ambalo Kenya iliongoza duniani. Pareto haikupandwa huko juu kwa bahati. Bila siku za ubaridi haitungi vichipukizi vya maua. Ukiiteremsha nchi ya joto itastawi vizuri, lakini utabaki na majani. Shosho alilijua hilo kabla sisi hatujazaliwa. "Lakini pareto haitaki jalidi," akasema. "Jalidi inaiunguza. Inataka baridi ya kuvaa sweta."

Maneno hayo ndiyo yaliyookoa msimu wetu. Mume wangu alikuwa anafikiria kuvirudisha vyungu gereji, na kufanya hivyo kungeviua, kwa kuwa chipukizi likishaamka huwa limepoteza ule ukakamavu wa vuli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, walioichunguza mimea ya aina hii kwa miaka mingi, walionyesha kwamba mingi yake hutosheka na wiki 10 hadi 15 katika nyuzi 5 hivi. Hizo ni nyuzi 5 juu ya sifuri, baridi ya sweta. Akwilejia zilikuwa zimekwisha kupata sehemu ya wiki hizo tangu Oktoba. Zilihitaji kumaliziwa zilizobaki, penye mwanga, bila kuganda.

Tukavipeleka kwenye veranda ya nyuma iliyozungushiwa vioo. Shosho akakabidhiwa kipimajoto. Mlango wa jikoni ukawa ndio hita yetu: sindano ikishuka anaufungua upenyo, ikipanda anaufunga. Maji yakapunguzwa.

Kisha, katikati ya Februari, baridi kali ikateremka kutoka Kanada. Usiku wa manane Shosho alitugongea: kipimajoto kilikuwa kwenye sifuri na bado kinashuka, mlango ukiwa wazi wote. Tulibeba vyungu tukiwa na nguo za kulalia, mtoto mchanga akilia, vingine tukavijaza kwenye beseni la bafu, vingine kwenye ngazi, vilivyobaki tukavirundika veranda na kuvifunika kwa mablanketi na leso za Shosho. Hadi baridi ile ilipopita, nyumba nzima ilioga kwa karai. Zulia la ngazi lilipata doa la tope ambalo bado lipo.

Hasara ilikuwepo. Primula zilichanua Machi, mapema mno kwa soko. Disentra hazikutoa ua hata moja. Na huko nje, theluji ilipoyeyuka Aprili, tulikuta panya wa porini wenye mikia mifupi wameishi chini ya majani yetu msimu mzima, wakila hosta hadi kwenye shina. Tangu hapo mtaro wetu hufunikwa kwanza kwa wavu wa waya wenye matundu madogo. Floksi hawakuzigusa, zilifunika vyungu vyao kwa maua ya waridi.

Akwilejia zilifunguka wiki ya soko, za buluu na nyeupe.

Shosho alisimama nyuma ya meza siku nzima. Kila aliyenunua alipewa chungu pamoja na maagizo, naye hakumwachia mtu chenji kabla hajayarudia kwa mdomo wake: "Panda ardhini sasa, usingoje. Novemba utaona mmea umekauka. Usiung'oe na usiuingize ndani. Na ukimkuta mama yako anauonea huruma, mwambie mapema kwamba umelala."