Bingwa Aeleza Njia ya Kushukia Yeriko

Kaeni vizuri, mmebahatika. Aliyesimama mbele yenu ndiye bingwa wa njia ya Yerusalemu hadi Yeriko, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kukosa mshindani. Kufika huko sijafika. Mtaalamu wa kweli hachafui viatu.

Yerusalemu iko mita 750 hivi juu ya usawa wa bahari, Yeriko mita 250 hivi chini ya usawa huo. Msafiri huporomoka kilomita moja nzima katika mwendo wa kilomita 27 hivi, akizungukazunguka miamba ya jangwa la Yudea, na kila kona inamfaa mnyang'anyi kama pango linavyomfaa popo. Mpando mmoja huko unaitwa Adumimu, jina lenye maana ya wekundu. Mtakatifu Yeronimo alisema ni damu iliyomwagwa na majambazi. Wapo wanaosema ni rangi ya udongo tu. Mimi nimechagua damu. Udongo haujazi ukumbi.

Sasa tuje kwa Msamaria, Luka sura ya 10: mtu kaporwa na kupigwa katika njia hii, kuhani na Mlawi wakapita kando, Msamaria akasimama, akamtibu na kumlipia nyumba ya wageni. Ninyi macho yote kwa majeruhi. Kosa! Mwangalieni mwanasheria. Mtu kasoma, kauliza swali la kitaalamu, jirani yangu ni nani, anangoja fasili yenye vipengele. Anapewa hadithi ya punda na mafuta! Niliposoma hapo niliona aibu kwa niaba yake.

Afadhali Mtakatifu Augustino alirudisha heshima ya taaluma: majeruhi ni Adamu, nyumba ya wageni ni Kanisa, mwenye nyumba ni mtume Paulo. Tamu sana. Adamu alishakufa zamani, hakuna wa kumbeba.

Kuna pia mhubiri Mmarekani Martin Luther King Jr., aliyewahi kuipita njia hiyo kwa gari. Tarehe 3 Aprili 1968 huko Memphis, alikokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma, alisema kuhani na Mlawi huenda waliwaza yatakayowapata wakisimama, na Msamaria akawaza yatakayompata majeruhi asiposimama. Kesho yake akauawa. Angeniuliza mimi, ningemshauri aahirishe safari.

Na yule Msamaria, jamani! Dinari 2, ujira wa kibarua wa siku 2, tena anaahidi kuongeza, na risiti hakudai.

Naona kikapu cha mchango wa matibabu ya mlinzi wa ukumbi kinakuja huku mbele. Kikifika kwangu, tafadhali kipite kando.