Jinsi ya Kuitwa Fundi wa Krapi Kabla Hujawa Fundi

Wenzako kazini, huko Louisville au Bowling Green, Kentucky, wanakuonyesha picha za krapi kila Jumatatu: samaki bapa, mweupe, mwenye madoadoa meusi, kipenzi cha wavuvi wa kusini mwa Marekani. Nawe unataka picha yako. Haki yako kabisa. Sogea nikunong'oneze: ndoo moja ya vidagaa hai na mwezi wa Oktoba vinatosha.

Kata leseni kwanza, na usome idadi na urefu unaoruhusiwa katika ziwa lako. Hapo tu ndipo pasipo na njia ya mkato.

1. Mwachie kidagaa kazi. Anayevua kwa chambo cha plastiki lazima akichezeshe ndipo kifanane na samaki. Kidagaa hai hahitaji kufundishwa kuwa samaki. Nunua wa sentimita 5 hivi. Wengi hufugwa kwenye mabwawa ya Arkansas, hasa upande wa Lonoke. Usiwaongezee maji ya bomba, klorini itawamaliza kabla hujafika ziwani. Weka na kipampu cha hewa cha betri.

Lowesha vidole, umshike kidagaa taratibu. Pitisha ndoano nyembamba mgongoni, chini kidogo ya pezi, juu ya uti. Ukigusa uti, umemuua. Ukipatia, atahangaika ndani ya maji kwa muda mrefu, na kuhangaika kwake ndiko kunakomwita krapi. Akilegea, mbadilishe bila huruma. Ubahili wa chambo umewarudisha wengi nyumbani mikono mitupu.

2. Vulia jasho la wengine. Maji yanapopoa, krapi huwafuata samaki wadogo kuelekea midomo ya vijito, kisha hujibanza kwenye miti iliyozama. Usihangaike kuitafuta. Idara ya samaki na wanyamapori ya Kentucky imezamisha matawi katika maziwa mengi na kutoa ramani zake bure. Fungua simu, tia nanga pembeni, kaa kama uliyezaliwa hapo.

3. Tundika juu, usizamishe chini. Hapa ndipo wageni wanapoharibu, kwa hiyo nisikilize vizuri. Macho ya krapi yanatazama juu, na kwa kawaida hula akipanda. Kidagaa akipita chini yake, hana habari naye. Matawi yakiwa mita 4 chini, mwache kidagaa aning'inie kwenye mita 3. Boya dogo, chubwi dogo, basi. Asipokula, pandisha nusu mita. Akila mmoja, funga uzi mwekundu kwenye mshipi palepale, na kila utakapotupa rudi kwenye kina hicho hicho. Wenzako watadhani una kipaji.

4. Usinyakue. Mdomo wa krapi ni laini kama karatasi. Ukivuta kwa hasira utabaki na ndoano tupu. Inua ufito polepole, mshipi ukiwa umekaza, kisha mkinge kwa wavu. Na boya likilala ubavu badala ya kuzama, usingoje: krapi amekula akipanda, amelibeba na chubwi lako. Inua. Samaki huyo wengi hawamjui, wewe mchukue.

5. Piga picha kabla ya yote. Rekodi ya dunia ya krapi mweupe ni kilo 2 na ushei, kutoka Enid, Mississippi, mwaka 1957, na bado haijavunjwa. Kwa hiyo usishindane na mizani, shindana na kamera. Nyoosha mikono umsogeze samaki mbele, ficha vidole nyuma yake, simama wima. Krapi wa sentimita 28 atajaza kioo cha simu.

6. Wapikie wenzako. Mkate minofu, mgaragaze kwenye unga wa mahindi wenye chumvi na pilipili, mtumbukize kwenye mafuta ya moto. Minofu yake ni myeupe na mitamu. Mgeni akila hatakuuliza alikuwa na uzito gani. Vidagaa waliobaki usiwamwage ziwani, wanaweza kuingiza magonjwa na samaki wa kigeni. Mpe mvuvi wa jirani, naye atakusifu.

Wakikuuliza ulimvulia wapi, jibu upesi na kwa ukarimu: "Kwenye miti iliyozama, karibu na mdomo wa kijito." Ni kweli tupu, na ziwa zima limejaa miti na vijito.