Mwongozo wa Kwenda New York kwa Hesabu za Kichwa

Ndugu msafiri, hongera kwa viza. Toka Nairobi hadi New York ni kilomita 11,800 hivi, na tangu Oktoba 2018 ipo ndege isiyotua njiani. Fuata maelekezo haya kwa makini, nawe utauchanganya ukoo mzima.

Kwanza, piga mstari kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Utakatiza Afrika ya Kati, Nigeria na Mali, kisha uingie baharini. Kwamba dunia ni mviringo, na njia ya mkato juu yake hujipinda kaskazini kupitia Chad, Algeria na Morocco, hayo waachie walimu wa jiografia. Skrini ya ndege ikionyesha mko katikati ya Sahara, mwite mhudumu umwarifu kwamba rubani amepotea.

Pili, gawanya. Ndege hukimbia kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo safari ni saa 13 na dakika chache. Waahidi hivyo watakaokupokea. Ratiba ikisema 15, ilaumu ratiba. Usihesabu foleni ya kuruka, wala upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi na kuikabili ndege usoni. Wakati wa kurudi upepo huohuo utawasukuma, mtaokoa kama saa nzima, msifu rubani.

Tatu, iamini saa ya mkononi. Mwezi Julai, ukiruka saa tano usiku, utatua New York saa moja asubuhi. Toa: saa nane tu, sawa na basi la usiku la Mombasa! Anayekwambia kwamba New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba, na kwamba ikifika Novemba Wamarekani huzisogeza saa zao ziwe nane, ana wivu. Utakaporudi, ukiondoka huko adhuhuri, utafika Nairobi kesho yake saa tatu asubuhi: saa 21 kwa hesabu yako, ingawa umekaa kitini 14. Dawa ya deni kulipa.

Nne, na hili ndilo kuu: tiketi ikiandikwa 00:15 tarehe 12, nenda uwanjani jioni ya tarehe 12, umekula umeshiba. Wanaong'ang'ania kwamba ni usiku wa kuamkia tarehe 12, na kwamba ilikupasa uwe uwanjani jioni ya tarehe 11, wana haraka zao. Saa tatu usiku, shangazi akiwa bado anaomba dua, ndege yako itakuwa imeshatua New York karibu saa sita zilizopita, abiria wenzako wameshapanda teksi.

Ukoo uliokodi matatu kukusindikiza hautapata hasara. Gari lilishalipiwa kwenda na kurudi, na nafasi yako imo.